Je, Wajua? Kuku Mgeni na Kamba ya Mguuni

Kila alfajiri, kabla mabasi ya mwendokasi hayajaanza kupishana pale Jangwani, matenga ya kuku yanakuwa yameshashushwa Kariakoo, Kisutu na Shekilango. Ndani yake kuna majogoo na mitetea ya Singida, kuku wa mayai waliochoka kutaga, na wa kisasa weupe ambao hawajafikisha hata miezi miwili. Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Siku hizi kamba hiyo ni marufuku, vibali na vyeti vya daktari wa mifugo, na dunia nzima inaikaza kwa sababu biashara ya kuku hubeba na magonjwa. Leo safu hii inaifuata kamba hiyo kutoka mpakani hadi kwenye sahani ya chipsi kuku. Utaona kwamba mlango unaolindwa kwa nguvu zaidi sio unaopitiwa zaidi.

ALIKOTOKA

Je, wajua kwamba kuku mwenyewe ni mgeni pwani hii? Asili yake ni Asia. Wanaakiolojia wamekuta mifupa yake Unguja Ukuu, kwenye tabaka za milenia ya kwanza baada ya Kristo. Vyombo vya kusi na kaskazi vilivyomleta vilileta na panya weusi. Tangu siku hizo, biashara ya kuku imekuwa ikisafirisha na wasioalikwa.

Je, wajua kwamba kuku wa nyama wa kibiashara alianza kwa oda iliyokosewa? Mwaka 1923 mama mmoja wa Delaware, Marekani, Cecile Steele, aliagiza vifaranga 50 wa kutaga akaletewa 500. Hakuwarudisha. Aliwakuza, akawauza kwa nyama, akapata faida nono, na majirani wakamuiga.

Je, wajua kwamba Gumboro ni mahali, na pako Delaware hiyo hiyo? Ugonjwa uliobeba jina hilo uliripotiwa mwaka 1962. Leo mfugaji wa Kimara na mwenzake wa Chanika wote wanauchanjia vifaranga. Haumshiki binadamu, ila unaangusha kinga ya kifaranga, na kifaranga asiye na kinga hubeba bakteria wa salmonella kirahisi zaidi.

Je, wajua kwamba soko kuu la Kariakoo na kuku wa Brazil wa kusafirishwa nje ni marika? Jengo la Kariakoo, kazi ya msanifu Mtanzania Beda Amuli, lilifunguliwa mwaka 1975. Mwaka huo huo Brazil ilianza kuuza kuku wa kugandishwa nje ya nchi, na wateja wake wa mwanzo walikuwa Ghuba ya Uarabuni. Leo Brazil inauza zaidi ya theluthi moja ya nyama ya kuku inayovuka mipaka duniani. Kuku anayepakwa nazi kwenye jiko la Mswahili wa Maskati huenda alichinjwa Paraná, upande wa pili wa Atlantiki.

Je, wajua kwamba nchi hugawana kuku mmoja kiungo kwa kiungo? Mmarekani anapenda kidari, kwa hiyo mapaja yanabaki, na yanayobaki yanatafutiwa wa kuyala. Kuanzia mwaka 1990 yalimiminika Urusi, Warusi wakayabatiza miguu ya Bush. Afrika Kusini ililazimika kukubali tani 65,000 kwa mwaka, katika makubaliano ya mwaka 2015, ili isipoteze nafasi yake kwenye AGOA, mpango wa Marekani wa kupokea bidhaa za Afrika bila ushuru. China inanunua hata miguu ya chini yenye kucha. Sisi tulioona minofu ya sangara ikipanda ndege Mwanza na mapanki yakibaki ufukweni hatuhitaji kuelezwa zaidi.

MLANGO ULIOFUNGWA

Je, wajua kwamba Tanzania Bara ilipiga marufuku kuingiza kuku na mazao yake mwaka 2006? Hofu ilikuwa mafua ya ndege, virusi vya H5N1. Vilikuwa vimeonekana kwa bata bukini wa Guangdong, China, mwaka 1996. Mwaka 1997 viliwashika watu 18 Hong Kong na kuwaua 6, na serikali ya huko ikaangamiza zaidi ya kuku milioni moja kwa siku chache. Februari 2006 viligundulika Nigeria, mara ya kwanza barani Afrika, kisha Sudan na Jibuti. Dar es Salaam haikungoja kubishiwa hodi.

Je, wajua kwamba mwaka 2017 vifaranga 6,400 walichomwa moto Namanga? Walikuwa wameingia kutoka Kenya kinyume cha marufuku. Maofisa walisema wanazuia magonjwa, watetezi wa wanyama wakapiga kelele, na wafanyabiashara wa pande zote mbili wakanuna. Ukali wa serikali ulionekana hadi ng'ambo. Ila hakuna aliyeuliza kwa sauti kama hiyo kisu kinachokatia kuku mjini kinaoshwa mara ngapi kwa siku.

Je, wajua kwamba Januari mwaka huo huo mafua ya ndege yalikuwa yameshafika Ziwa Victoria bila kupitia ofisi yoyote ya forodha? Ndege wa majini walianguka wamekufa kwenye ghuba ya Lutembe karibu na Entebbe, na maabara ikathibitisha virusi vya H5N8. Kenya ikafunga mara moja milango kwa kuku wa Uganda. Baadaye mwaka huo virusi hivyo vilionekana Ituri, mashariki mwa Kongo.

Je, wajua kwamba mifugo si jambo la Muungano? Zanzibar ina sheria na wakala wake wa chakula na dawa, na huingiza kuku wa kugandishwa kutoka nje, Brazil ikiwamo. Ndiyo maana kuku anayeuzwa kihalali Darajani anaweza kugeuka magendo akivushwa kwa boti usiku hadi bandari bubu ya pwani ya Bara. Kuku ni yule yule, ila safari ya magendo haina friza.

Je, wajua kwamba Nigeria ilijifunza hilo kabla yetu? Ilifunga milango ya kuku wa kugandishwa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Jirani yake Benin, nchi ndogo, ikageuka mmoja wa waagizaji wakubwa wa kuku Afrika Magharibi, maana sehemu kubwa ya mzigo huo ilivushwa kwa njia za panya hadi Lagos. Kuku akifichwa chini ya magunia kwenye gari lisilo na baridi huyeyuka, kisha hugandishwa upya akifika. Bakteria hushukuru kwa kila kituo.

Je, wajua kwamba Kameruni iliifunga biashara hiyo kwa kelele za wananchi? Vipande vya bei chee kutoka Ulaya vilikuwa vimewaua wafugaji wa ndani kibiashara. Mwaka 2004 chama cha raia cha ACDIC kilipeleka sampuli za sokoni maabara, na nyingi zikakutwa hazifai kuliwa na binadamu. Kuku alikuwa ametoka Ulaya akiwa salama. Aliharibikia kwenye joto la soko, juu ya meza za mbao, pasipo barafu. Mwaka 2006 serikali ikafunga.

Je, wajua kwamba marufuku bila ushahidi wa kisayansi inaweza kuiponza nchi mahakamani? India iliwazuia kuku wa Marekani kwa hoja ya mafua ya ndege. Mwaka 2015 ngazi ya rufaa ya Shirika la Biashara Duniani ilithibitisha kwamba India imekosea: ilifungia nchi nzima wakati ugonjwa uko kwenye eneo moja, tena ikaweka masharti makali kuliko viwango vya kimataifa.

Je, wajua kwamba hata sisi tumewahi kufungwa kamba? Mwaka 1997 Hispania na Italia zililalamikia salmonella kwenye sangara wa Ziwa Victoria. Muda si mrefu Ulaya ikazuia samaki wabichi wa Tanzania, Kenya, Uganda na Msumbiji kwa hofu ya kipindupindu. Mwaka 1999 ikafunga tena, safari hii kwa hofu ya sumu ya kuvulia. Viwanda vya Mwanza vilisimama, wavuvi wakakaa vijiweni. Kilichowafungulia mlango ni maabara, vigae, barafu na wakaguzi. Kiwanda cha sangara cha miaka iliyofuata kilikuwa kisafi kuliko hospitali nyingi za wilaya, kwa sababu mlaji wa Madrid alidai.

Je, wajua kwamba Mei 2025 jabali lenyewe lilitikisika? Brazil ilithibitisha mafua ya ndege kwa mara ya kwanza kwenye shamba la kibiashara, huko Montenegro, jimbo la Rio Grande do Sul. China na Umoja wa Ulaya zilisitisha ununuzi mara moja. Shamba moja lilitosha kuyumbisha soko la mabara matatu. Mwezi uliofuata Brazil ikajitangaza kuwa safi.

ANAYEPITA BILA KUONEKANA

Je, wajua kwamba chakula kichafu huwaua watu 420,000 duniani kila mwaka? Ni makadirio ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2015. Wanaougua ni milioni 600. Katika kanda ya Afrika ya shirika hilo wanaugua milioni 91 na kufa 137,000, mzigo mkubwa kuliko kanda nyingine ukilinganisha na idadi ya watu. Salmonella wamo mstari wa mbele kati ya wauaji.

Je, wajua kwamba kuku mwenye salmonella anaweza kuwa mnene, mchangamfu na mwenye upanga mwekundu? Kideri humlaza kuku akapinda shingo, na kila mtu sokoni anamkimbia. Salmonella wanaomdhuru binadamu mara nyingi hukaa kimya matumboni mwa kuku wala hawamsumbui. Kumkagua kuku macho na kumpapasa kidari kutakwambia uzito wake na bei yake. Usalama wake haupapasiki.

Je, wajua kwamba aina moja ya salmonella imeenezwa duniani kupitia kuku wazazi? Mwaka 2021 timu iliyoongozwa kutoka Chuo Kikuu cha Georgia, Marekani, ilichapisha uchambuzi wa vinasaba vya sampuli zaidi ya 30,000 za *Salmonella* Enteritidis kutoka nchi 98. Walifuata koo za bakteria kama mtu anavyofuata ukoo wa bibi harusi. Wakakuta kuwa kusambaa kwake kunaendana na biashara ya kuku wa mbegu. Sababu iko wazi: kampuni chache mno za Ulaya na Marekani ndizo zinazomiliki mabibi na mababu wa kuku wengi wa kisasa duniani. Kuku mmoja wa juu kabisa kwenye ukoo huo ana mamilioni ya vitukuu wa kuliwa, na baadhi ya salmonella hupita kutoka kwa mama hadi ndani ya yai.

Tulia hapo kidogo. Tunapolinda mpaka dhidi ya paja la kugandishwa, kuku aliyekuzwa Kigamboni kwa pumba ya Morogoro na maji ya DAWASA anaweza kuwa na ukoo ulioanzia ng'ambo. Akiwa na bakteria wa ukoo huo, hakuna boti ya magendo iliyowaleta. Walikuja na cheti, kwenye boksi la vifaranga au trei ya mayai ya kutotolesha.

Je, wajua kwamba Afrika ina matawi yake ya bakteria huyo? Utafiti wa mwaka 2016 ulionyesha koo mbili za Enteritidis zilizo za Kiafrika, moja ya Magharibi na nyingine ya Kati na Mashariki. Hizi haziishii kuharisha. Huingia kwenye damu, hasa kwa mtoto mwenye malaria au utapiamlo na kwa mtu mwenye VVU, na nyingi hazisikii antibayotiki za kawaida.

Je, wajua kwamba taifodi hatuipati kwa kuku mgonjwa? Salmonella wa homa ya matumbo, aina ya Typhi, huishi kwa binadamu peke yake na hupita kwa kinyesi cha mtu kwenye maji na chakula. Salmonella wa kuku ni ndugu zake, na kwa kawaida huleta kuhara, homa na tumbo kukata. Kipimo cha Widal, ambacho zahanati nyingi bado wanakitegemea, kilibuniwa mwaka 1896 na huchanganya mambo kwa urahisi. Ndiyo maana mtaani kila homa ni "taifodi na malaria", na chanzo cha kweli hakitafutwi.

Je, wajua kwamba kuna mwingine anayeharisha watu wengi zaidi? Anaitwa kampilobakta. Kuku ndiye makazi yake makuu, na tone la maji ya kuku mbichi linatosha kumwingiza mtu. Mara chache sana, baada ya kuhara kuisha, mwili hugeukia mishipa yake yenyewe ya fahamu na miguu hupooza kwa muda.

Je, wajua kwamba soseji iliyo kwenye friji inaweza kuua? Mwanzoni mwa mwaka 2018 watoto wadogo wa kituo kimoja cha kulelea watoto Soweto, Afrika Kusini, walifikishwa hospitali wakiumwa. Wakaguzi walifungua friji ya kituo wakachukua poloni, ile soseji nene ya kukata vipande. Maabara ikakuta listeria. Nyuzi zikafuatwa hadi kiwanda cha Polokwane. Hadi mlipuko unaisha, wagonjwa walikuwa 1,060 na waliokufa 216, wakiwamo vichanga wengi. Ulikuwa mlipuko mkubwa kuliko wote wa listeria kuwahi kurekodiwa, na bidhaa za huko zilikuwa zikiuzwa nchi 15 za Afrika. Poloni ya bei nafuu hutengenezwa kwa nyama ya kuku iliyokwanguliwa mifupani kwa mashine, na Afrika Kusini hununua nyingi kutoka Brazil. Listeria ana tabia moja mbaya: huendelea kuzaliana hata ndani ya friji.

Je, wajua kwamba Ulaya nayo huugua? Mwaka 2020 mamia ya watu Uingereza walishikwa na Enteritidis kutoka kwenye vipande vya kuku vya kugandishwa vilivyopakwa chenga za mkate, kutoka Poland. Vikiwa kwenye pakiti vilifanana na vilivyokwisha kuiva, na watu wengine wakavipasha tu. Ndani vilikuwa vibichi.

Je, wajua kwamba usugu wa dawa nao husafiri kwenye friza? Mwaka 2015 wanasayansi wa China walitangaza kinasaba kiitwacho *mcr-1*, kinachowapa bakteria kinga dhidi ya kolistini, dawa ya mwisho kabatini. Denmark ikarudi kwenye sampuli zake za zamani, ikakikuta kwa mgonjwa mmoja na kwenye nyama ya kuku iliyoagizwa kutoka nje. Kwetu mazoea ni kumwaga antibayotiki ya OTC kwenye maji ya kuku hadi asubuhi ya kuuzwa. Kila dawa ina siku za kungoja iishe mwilini, na zimeandikwa kwenye pakiti.

KARIAKOO KWA KARIBU

Je, wajua kwamba kuku wa Singida husafiri takribani kilomita 700 kuja Dar es Salaam? Hupakiwa kwenye matenga, mengine juu ya basi, upepo na jua vyote vyao. Kuku aliyebanwa, mwenye kiu na hofu, hutoa salmonella wengi zaidi kwenye kinyesi. Wa tenga la juu anachafua wa tenga la chini. Aliyetoka Manyoni msafi anaweza kufika Kariakoo akiwa na mzigo.

Je, wajua kwamba pipa la kunyonyolea ndilo kituo cha hatari kuliko mpaka? Simama dakika tano kando ya banda lolote la kuku la mjini uangalie. Kuku anachinjwa, anatumbukizwa kwenye maji ya moto, anazungushwa kwa miguu, anatolewa, manyoya yanang'oka kwa kiganja. Maji yakichemka mno ngozi huchanika, kwa hiyo moto unaachwa wa wastani, na joto hilo halimuui kila bakteria. Kuku wa kwanza anaingia maji yakiwa meupe. Kufika wa ishirini yamekuwa rangi ya chai ya maziwa, na juu yake yanaelea manyoya na mavi. Kisha kisu kile kile kinapasua tumbo, utumbo unavutwa, firigisi inapasuliwa na kuoshwa kwenye beseni lililosuuza firigisi za wenzake wote, na kuku anaingizwa mfukoni akiwa bado na joto. Mchinjaji ana haraka kwa sababu wateja wana haraka, na analipwa kwa kichwa. Kinachomkwamisha ni bomba: penye maji yanayotiririka mambo hubadilika, na mabanda mengi yanategemea ndoo.

Je, wajua kwamba bakteria mmoja kwenye joto la Dar es Salaam anaweza kuwa milioni mbili ndani ya saa saba? Kwenye hali nzuri hugawanyika kila baada ya dakika 20. Kuku aliyenunuliwa saa moja asubuhi, akakaa kwenye beseni hadi saa nane mchana akimngoja mama lishe, amempa bakteria zamu 21 za kuongezeka.

Je, wajua kwamba friza haiui salmonella? Inamlaza tu. Nyuzi 18 chini ya sifuri humsimamisha, na umeme ukikatika nusu siku anaamka na kuendelea alipoishia. Kuku aliyeyeyuka na kugandishwa tena hujisema mwenyewe: ana barafu ya rangi ya pinki iliyotuama kwenye kona moja ya mfuko.

Je, wajua kwamba kumwosha kuku mbichi chini ya bomba kunasambaza bakteria jikoni? Matone huruka hadi kwenye sahani, nyanya na nguo. Uingereza ilifanya kampeni nzima mwaka 2014 kuwaomba watu waache. Wamarekani wana njia ya kumwosha kuku kiwandani kwa maji ya klorini, na Ulaya imeikataa tangu 1997 kwa hoja kuwa usafi uanzie bandani. Kwetu, ambako kuku anatoka sokoni na damu na punje za manyoya, hakuna atakayemtia sufuriani hivyo hivyo. Basi mwoshe kwenye beseni lake peke yake, taratibu, na ndimu usiihesabu kuwa dawa. Beseni hilo lisioshe mchicha.

Je, wajua kwamba anayekuumiza mara nyingi ni kachumbari? Kuku alikaangwa, bakteria wakafa. Ila kisu na kibao vilivyomkata vikakatia nyanya na kitunguu, na hivyo havikupita motoni. Ukiugua usiku unamlaumu kuku, kumbe alishasafishwa na mafuta.

Je, wajua kwamba tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Tanzania? Mazingira yamepata nafuu. Ila mfuko mbadala hutumika mara nyingi, na aliyebebea kuku jana akabebea mkate leo amebeba vyote viwili. Kuku awe na mfuko wake.

Je, wajua kwamba mto Msimbazi unatoka milima ya Pugu, unapita karibu na machinjio ya Vingunguti na kumwaga baharini penye Daraja la Selander, baada ya kupita Jangwani? Mvua kubwa ikinyesha, kilichotupwa mitaroni hurudi majumbani. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua zaidi ya watu 40 jijini, na bonde la Jangwani lilikuwa kati ya maeneo yaliyoumia sana. Damu, matumbo na manyoya yaliyosukumwa kwenye mfereji leo yatakutana na mtu wa bondeni kesho.

Je, wajua nani anayesimamia chakula? Hadi 2019 ilikuwa mamlaka ya chakula na dawa, TFDA. Tangu hapo dawa zimebaki kwa mrithi wake, TMDA, chakula kimehamia shirika la viwango, TBS, mifugo iko kwa wizara yake, na banda la sokoni liko chini ya halmashauri. Kuku mmoja anapita mikononi mwa ofisi zote hizo kabla hujamtia chumvi.

Je, wajua kwamba nyuzi 70 katikati ya mnofu zinatosha? Ndicho kiwango cha Shirika la Afya Duniani, na kinammaliza salmonella, kampilobakta na virusi vya mafua ya ndege kwa pamoja. Wengi hatuna kipimajoto, basi choma kisu penye fundo la paja: maji yakitoka na wekundu, rudisha motoni. Na pale kwa chipsi, yule kuku aliyekaangwa jana akawekwa kabatini mwenye kioo hatakiwi kuchovywa mafuta kwa nusu dakika apate mng'ao. Apikwe hadi mfupa uwe wa moto.

Je, wajua kwamba Hong Kong, baada ya msiba wa 1997, haikufuta masoko ya kuku hai? Ilianza kwa kuwatenga bata na kuku. Mwaka 2001 ikaweka siku ya mapumziko kila mwezi: masoko yote ya kuku yanafungwa, kuku waliobaki wanachinjwa, mabanda yanasuguliwa na kukaushwa. Mwaka 2008 ikakataza kuku hai kulala sokoni. Watafiti walipima kabla na baada, na virusi kwenye matenga vikapungua. Kwa kazi hiyo Kariakoo haihitaji mkataba na Brazil wala askari wa mpakani. Inahitaji siku moja kwa mwezi, maji ya bomba, sabuni, brashi ngumu, na ofisa wa halmashauri atakayefunga geti siku hiyo hata madalali wakipiga kelele.